Aibu si Madhara: Historia ya Siri za Serikali na Haki ya Kudai Kumbukumbu

1.0 Utangulizi



Naomba nianze na kisa kidogo. Katikati ya miaka ya 1980, nikiwa mwanafunzi wa uzamili, nilikwenda katika ofisi moja ya serikali, ambayo sitaitaja, kuomba kusoma majalada yanayohusu ufundishaji wa Kiswahili wakati wa ukoloni. Katika barua yangu niliandika kwamba nilihitaji “majalada yote yanayohusu Kiswahili”. Mzee aliyekuwa akisimamia masijala aliisoma barua ile mpaka mwisho, akavua miwani, akaniuliza: “Kijana, unataka jalada au unataka jengo?”

Nilirudi baada ya wiki tatu, safari hii nikiwa na namba ya jalada niliyoiokota katika tanbihi ya kitabu. Mzee akaenda, akarudi mikono mitupu. “Lipo,” akasema, “lakini ni la siri.” Nikamuuliza, siri ya nani? Akanitazama kwa huruma. “Mwanangu, limepigwa muhuri.” Mazungumzo yakaishia hapo.

Ilinichukua miaka tisa kulisoma jalada hilo. Ndani yake mlikuwa na mabishano marefu juu ya tahajia na vitabu vya kiada, majibizano makali kati ya maofisa wawili ambao ni dhahiri hawakupendana, na barua moja ya daktari iliyoeleza maradhi ya karani mmoja. Kama kulikuwa na jambo la kusitiriwa katika jalada zima, lilikuwa ni ile barua moja ya karani. Mengine yote yalikuwa mali ya historia ya lugha yetu.

Katika mhadhara huu nitajadili historia ya haki ya mwananchi kupata kumbukumbu za serikali, pamoja na mipaka ambayo sheria huiwekea haki hiyo. Mimi si mwanasheria. Ni mwanaisimu, na nimeliendea suala hili kwa njia ya mwanaisimu, yaani kupitia maneno. Hoja yangu ni moja. Historia ya sheria hizi ni historia ya kutenganisha maneno mawili ambayo watawala wa kila zama wamependa kuyachanganya: aibu na madhara. Serikali ina haki ya kuzuia taarifa itakayoleta madhara. Haina haki ya kuzuia taarifa kwa sababu itailetea aibu. Palipochanganywa mawili haya wapo watu walioumia, nami nitaeleza kisa chao.

2.0 Maneno Tuliyorithi

Msamiati wetu wa ofisi una tabaka kadhaa. Siri, waraka, hati, daftari, jalada na masijala ni maneno yaliyotufikia kwa njia ya Kiarabu, pamoja na desturi ya kuandika na kutunza maandishi. Faili ni la Kiingereza. Kumbukumbu ni letu la Kibantu, limetokana na kitenzi kumbuka, nalo linatuambia jambo ambalo maneno mengine hayasemi: kwamba karatasi hutunzwa ili watu wakumbuke. Si bure kwamba katika Tanzania idara inayohusika inaitwa ya kumbukumbu na nyaraka. Jina hilo limeunganisha kitu chenyewe na kazi yake.

Katika ofisi zetu pana masijala ya wazi na masijala ya siri. Tuchunguze neno siri katika matumizi hayo. Katika lugha ya kila siku, siri huwa na mwenyewe: siri ya nyumba, siri ya fundi, siri ya mtungi aijuaye kata. Neno linadai kijalizo. Lakini likipigwa juu ya jalada kwa muhuri, hubaki pekee. Halisemi ni siri ya nani, inafichwa nani asiione, wala mpaka lini. Muhuri ni neno lisilo na sentensi.

Aibu na madhara nayo ni maneno ya asili ya Kiarabu, na kila Mswahili anajua kuyatofautisha. Aibu humpata mtu kwa jambo lake kujulikana. Madhara humpata mtu kwa jambo kutendwa. Mzazi anayemficha mtoto wake dawa ya panya anazuia madhara. Mzazi anayemficha mtoto deni lake la kamari anakwepa aibu. Wahenga walikwishatuonya kwamba mficha maradhi, kifo kitamuumbua. Hawakumkataza mtu kuwa na faragha. Walimkataza kuficha kile ambacho kufichwa kwake ndiko kutakakomuua.

3.0 Siri ya Dola ya Kikoloni

Uingereza ilitunga Sheria ya Siri za Serikali mwaka 1889 na kuitunga upya mwaka 1911. Kifungu cha pili cha sheria hiyo ya 1911 kilifanya kosa la jinai kwa mtumishi kutoa taarifa yoyote ya kiserikali bila ruhusa, hata kama haikuwa na uzito wowote. Kwa maneno mengine, kila kilichoandikwa ofisini kilikuwa siri mpaka mkubwa aseme vinginevyo. Kifungu hicho kilidumu Uingereza mpaka mwaka 1989. Fikra yake ilihamia kwetu pamoja na majalada yenyewe, na baada ya uhuru ikaendelea kuishi: Kenya ilitunga Sheria ya Siri za Serikali mwaka 1968, na Tanzania ikatunga Sheria ya Usalama wa Taifa mwaka 1970.

Lakini waraka unaoeleza fikra ya siri ya kikoloni kwa uwazi zaidi ni ule uliotumwa kwa magavana wa Afrika Mashariki mwezi Mei 1961. Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, aliwaelekeza ni karatasi za aina gani zisikabidhiwe kwa serikali za uhuru. Aina hizo zilikuwa nne. Kwanza, karatasi ambazo zingeweza kuitia aibu serikali ya Uingereza au serikali nyingine. Pili, zile ambazo zingeweza kuwatia aibu polisi, wanajeshi, watumishi wa serikali au watu wengine, wakiwamo watoa habari wa polisi. Tatu, zile ambazo zingefichua vyanzo vya upelelezi. Nne, zile ambazo mawaziri wa serikali mpya wangeweza kuzitumia isivyo haki.

Naomba wanafunzi waisome orodha hii kama wanavyosoma matini yoyote, kwa kuangalia mpangilio wake. Aibu inatangulia. Katika aina ya pili, mtoa habari ambaye kweli angeweza kudhuriwa anawekwa kapu moja na ofisa ambaye angeona haya tu. Hifadhi ya chanzo cha upelelezi, ambayo hata sheria za leo zinaitambua, inakuja nafasi ya tatu. Ya nne inahusu wasiwasi juu ya msomaji wenyewe: kwamba Mwafrika akipata karatasi hizi atazitumia vibaya.

Maelekezo hayo yalitekelezwa. Katika Kenya, majalada yaliyochaguliwa yalipigwa alama ya herufi W, nayo yakashikwa na maofisa wenye asili ya Ulaya tu. Mengine yalichomwa moto. Mengine yalipakiwa na kusafirishwa hadi Uingereza kabla ya uhuru wa Desemba 1963. Mwaka 1967 Serikali ya Kenya iliomba irudishiwe. Haikurudishiwa.

4.0 Maboksi Mia Tatu

Mwaka 2009 wazee wachache kutoka Kenya, wanaume na wanawake, walifungua shauri katika Mahakama Kuu mjini London. Walidai kwamba waliteswa katika kambi za kuwazuia watu wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwaka 1952 dhidi ya vita vya Mau Mau na kuondolewa mwaka 1960. Shauri lao linajulikana kama shauri la Mutua na wenzake. Madai yao yalihitaji ushahidi wa karatasi, kwa kuwa nusu karne ilikuwa imepita na wengi wa mashahidi walikuwa wamekufa. Mmoja wa walalamikaji naye alifariki kabla ya shauri kwisha.

Kabla ya hapo, mwaka 2005 na 2006, maombi yalikuwa yamekwishapelekwa kwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza chini ya Sheria ya Uhuru wa Taarifa ya nchi hiyo, iliyoanza kutumika Januari 2005. Majibu hayakuyataja majalada yaliyohamishwa. Uchunguzi wa ndani uliofanywa baadaye na Anthony Cary, mwanadiplomasia mstaafu, ulieleza kwamba maboksi hayo hayakupekuliwa wakati wa kushughulikia maombi. Kwa miaka mingi wizara iliyokuwa ikiyatunza haikuyahesabu kuwa kumbukumbu zake. Hii ni aina ya siri ambayo haimo katika orodha ya sheria yoyote: taarifa haikukataliwa, bali haikuhesabiwa kuwa ipo.

Kilichofungua mlango ni ombi lililokuwa na anwani. Mwanahistoria David Anderson, aliyekuwa shahidi mtaalamu wa walalamikaji, alieleza katika maelezo yake ya mwishoni mwa 2010 kwamba palikuwa na ushahidi wa maandishi wa takribani majalada 1,500, katika maboksi 300 hivi, yaliyohamishwa kutoka Nairobi kwenda London. Hakuuliza kama kuna karatasi zozote kuhusu Kenya. Alionesha idadi na safari yake. Mwezi Januari 2011 wizara ilikiri kwamba ilikuwa imeyapata, katika ghala la Hanslope Park. Ikabainika kuwa hayakuwa ya Kenya peke yake: palikuwa na takribani majalada 8,800 kutoka makoloni 37 ya zamani. Kati ya Aprili 2012 na Novemba 2013 kumbukumbu zilizohamishwa ziliwekwa hadharani katika Hifadhi ya Taifa ya Kew, na Tanganyika nayo imo.

Mwezi Oktoba 2012 Jaji McCombe aliruhusu shauri liendelee licha ya muda mrefu uliopita, na wingi wa maandishi yaliyokuwapo ulikuwa sehemu ya sababu zake. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilitangaza mapatano: pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228, pamoja na kauli ya kusikitika kwa mateso yaliyotendeka.

Tujiulize sasa: kile kilichofichwa kilikuwa aibu au madhara? Madhara yalikuwa yamekwishatendeka katika miili ya watu, miaka ya 1950. Kilichobaki kwenye maboksi kilikuwa aibu ya waliotenda. Na kuilinda aibu hiyo kuliwazidishia waliotendewa madhara ya pili, ya kuzeeka bila kusadikiwa.

5.0 Kutoka Muhuri Hadi Sentensi

Sheria ya kwanza inayojulikana ya haki ya kusoma karatasi za serikali ilipitishwa Sweden mwaka 1766, na Anders Chydenius, mchungaji na mwanasiasa kutoka Finland ya leo, alikuwa miongoni mwa waliyoipigania. Marekani ilipata yake mwaka 1966, chini ya Rais Lyndon Johnson, ikiwa na mambo tisa yaliyovuliwa, yaani maeneo tisa ambayo ofisi inaweza kukataa. Uganda ilitunga yake mwaka 2005. Tanzania na Kenya zilitunga zao mwaka mmoja, 2016: Tanzania Sheria Namba 6, Kenya Sheria Namba 31. Kenya ilikuwa imeiweka haki hiyo katika ibara ya 35 ya Katiba ya 2010. Tanzania inaitambua katika ibara ya 18 ya Katiba ya 1977, kama ilivyorekebishwa mwaka 2005.

Jambo kubwa lililofanywa na sheria hizi, kwa mtazamo wa mwanaisimu, ni kuulazimisha muhuri uwe sentensi. Ofisa hatakiwi tena kusema “ni siri” akanyamaza. Anatakiwa kusema: kutoa taarifa hii kutadhuru jambo fulani, lililotajwa na sheria. Kitenzi kimepatikana, na yambwa imepatikana.

Mambo yaliyovuliwa yanafanana sana kutoka nchi moja hadi nyingine. Katika sheria za Tanzania na Kenya tunakuta usalama wa taifa. Mwenendo wa haki na uchunguzi. Uhai na usalama wa mtu. Faragha ya mtu binafsi. Maslahi ya kibiashara. Uwezo wa serikali kusimamia uchumi. Uwezo wa taasisi kulitafakari suala vya kutosha kabla ya kuamua. Na nafasi ya taasisi katika kesi. Kenya imeongeza siri ya kitaaluma, kama ile ya daktari au wakili.

Iangalieni orodha hii kando ya ile ya 1961. Chanzo cha upelelezi bado kinalindwa. Mtoa habari bado analindwa, kwa kuwa uhai wake ni uhai. Karani wa jalada langu angelindwa, kwa kuwa maradhi yake ni faragha yake. Lakini neno lililotangulia katika orodha ya 1961 halimo kabisa. Aibu ya serikali haimo katika sheria yoyote kati ya hizi. Marekani ilikwenda mbali zaidi: mwezi Januari 2009 Rais Barack Obama alielekeza kwa maandishi kwamba taarifa isizuiwe kwa sababu tu maofisa wangeaibika au makosa yangefichuka, na mwaka 2016 sheria yao ilirekebishwa ili ofisa asizuie isipokuwa anapoona kwa sababu za msingi kwamba madhara yatatokea, au pale sheria nyingine inapokataza.

Yapo masharti mengine matatu ambayo hukamilisha sentensi hii. La kwanza ni sharti la kutenganisha. Tangu marekebisho ya 1974, sheria ya Marekani inataka sehemu inayoweza kutenganishwa na ile iliyozuiwa itolewe. Kwa kanuni hiyo, barua ya karani ingetolewa katika jalada langu, nami ningesoma mengine yote miaka tisa mapema. La pili ni muda. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya Tanzania ya mwaka 2002 imeweka miaka 30 kuwa kipimo cha kawaida cha kufungua kumbukumbu, na sheria ya Kenya inachukulia kwamba taarifa iliyotunzwa zaidi ya miaka 30 haimo tena katika kuzuiwa, isipokuwa taasisi ithibitishe vinginevyo. La tatu ni mizani: Kenya inairuhusu mahakama kuamuru taarifa itolewe pale maslahi ya umma yanapozidi madhara.

6.0 Mlango wa Nyuma

Nisingekuwa mkweli kama ningesema kwamba aibu imeondoka. Imebadili mavazi. Kati ya mambo yaliyovuliwa, lile la taasisi kupata nafasi ya kutafakari ndilo pana kuliko yote, kwa sababu hakuna waraka wa ofisini ambao hauhusiani na kutafakari jambo fulani. Lengo lake ni zuri. Ofisa anapaswa kuweza kumwandikia mkuu wake, “Nadhani mpango huu hautafaa,” bila kuogopa kwamba kesho atasomwa gazetini. Lakini uamuzi ukishafanywa na miaka ikapita, kutafakari kumekwisha. Anayeendelea kukizuia kilichotafakariwa anailinda sura yake tu. Wamarekani waliona hatari hiyo, wakaweka mwaka 2016 kwamba sababu hii isitumike kwa waraka uliofikisha miaka 25.

Usalama wa taifa nao ni neno pana. Taifa halina budi kulindwa, na asiyejua hilo hajaishi karibu na mpaka wenye vita. Hata hivyo, taifa ni watu wake, na usalama wao haupungui kwa wao kujua jinsi tahajia ya vitabu vyao vya shule ilivyoamuliwa. Kila tunapoambiwa sababu hii, tuna haki ya kuuliza sentensi iliyobaki: ni dhara gani, litampata nani, na mpaka lini?

7.0 Kuomba na Kudai

Hapa pana suala la lugha ambalo nadhani tumelipuuza. Katika Kiswahili tunasema mwananchi “anaomba” taarifa, na karatasi anayoijaza ni “fomu ya maombi”. Kitenzi omba kina uwanja mpana: tunamwomba Mungu, tunaomba radhi, tunaomba kazi, na aliyekosa riziki anaitwa ombaomba. Anayeomba anasubiri hisani ya anayetoa. Kinyume chake, mtu hudai kile ambacho tayari ni chake; ndiyo maana tunasema anadai deni, anadai haki. Sheria za 2016 zilimpa mwananchi dai. Lugha yetu ya ofisini bado inamvika joho la muombaji, na matokeo yake yanaonekana katika mwinamo wa barua zetu.

Desturi hiyo ina historia yake. Barua za Kiswahili kwa hati za Kiarabu zilizoandikiwa maofisa wakati wa Wajerumani, ambazo C. G. Büttner alichapisha baadhi ya mifano yake mwaka 1892, zimejaa adabu ya kumtukuza mpokeaji kabla ya kufika kwenye haja. Siipingi adabu hiyo. Ni uungwana wetu. Ninachosema ni kwamba baada ya salamu, dai linapaswa kuwa na umbo.

Umbo hilo nililifunzwa na mzee wa masijala, na kesi ya maboksi 300 ikanithibitishia. Taja ofisi iliyoandika, sio mada peke yake. Taja miaka. Taja namba ya jalada, na kama huna, tafuta katika tanbihi za waliokutangulia na katika orodha za hifadhi. Taja aina ya waraka: muhtasari wa kikao, ripoti, barua. Usieleze tu unachokitaka, eleza kinakokaa. Ukijibiwa kwamba kimezuiwa, omba sababu kwa maandishi na kifungu cha sheria, na omba sehemu isiyozuiwa. Nchini Tanzania ofisi ina siku zisizozidi 30 za kujibu, na asiyeridhika huomba mapitio kwa mkuu wa taasisi, kisha kwa Waziri. Nchini Kenya muda ni siku 21, na saa 48 pale ambapo uhai au uhuru wa mtu uko hatarini. Rufaa huenda kwa tume inayosikiliza malalamiko ya wananchi dhidi ya utawala. Katika nchi zote mbili haki hii ni ya raia. Kwa hiyo watafiti wageni wanaokuja Tanzania kusoma nyaraka zetu hupitia njia nyingine, ya kibali cha utafiti kutoka COSTECH.

Kuna kifungu kimoja katika sheria ya Kenya ambacho wanaisimu wa Kiswahili tungepaswa kukiweka ukutani. Kinasema maombi yaandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na kwamba asiyeweza kuandika, kwa kutojua kusoma au kwa ulemavu, ofisa amsaidie kuyaweka katika maandishi. Hapo lugha imehesabiwa kuwa sehemu ya haki yenyewe. Tanzania, kwa upande wake, ilifanya mageuzi makubwa mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Kazi ya kutafsiri sheria tulizozitunga kwa Kiingereza ni yetu sisi tuliomo ukumbini humu pamoja na wanasheria, na neno moja likikosewa, mlango mmoja hufungwa. Tukitafsiri “madhara makubwa” kuwa “usumbufu”, tumemrudishia ofisa muhuri wake.

8.0 Hasara ya Elimu Yetu Wenyewe

Pengine baadhi yenu mnajiuliza haya yanaihusu vipi taaluma ya Kiswahili. Nitajibu kwa mfano. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja, badala ya Kimvita, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilianza kazi tarehe 1 Januari 1930, Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza. Wajumbe wake wa mwanzo walikuwa Wazungu. Kamati ilianzia Dar es Salaam, mwaka 1942 ikahamia Nairobi, mwaka 1952 Makerere, kisha Mombasa, mwisho ikarudi Dar es Salaam, na mwaka 1964 ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili.

Kila jambo tunalofundisha juu ya usanifishaji limepitia katika vikao hivyo: nani aliulizwa, nani hakuulizwa, neno gani lilikataliwa, na kwa sababu gani. Maamuzi yenyewe tunayo katika kamusi. Sababu zake zimo katika mihtasari na barua, nazo zimetawanyika katika miji yote ambako Kamati iliwahi kukaa, pamoja na London. Msomi wa Lamu anayelalamika kwamba lahaja yake ilidhulumiwa, na msomi wa Unguja anayemjibu kwamba uchaguzi ulikuwa wa haki, wote wawili wanabishana bila karatasi mezani. Hatuwezi kuukata ubishi huo kwa kupaza sauti. Tutaukata kwa kusoma majalada, na majalada tutayapata kwa kuyadai.

Tena tuwahi. Mchwa na unyevunyevu haviombi kibali, wala havina siku 30 za kujibu.

9.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonesha kwamba sheria za haki ya kupata taarifa zilifanya kazi ya kisarufi: zililichukua neno lililokuwa limesimama peke yake juu ya jalada, zikalitaka lijieleze. Siri ya kweli hujieleza bila shida. Tunailinda barua ya karani kwa kuwa ni maradhi ya mtu. Tunalilinda jina la mtoa habari kwa kuwa anaweza kuuawa. Siri isiyoweza kujieleza ni aibu iliyovaa muhuri.

Wahenga wanasema mficha uchi hazai. Taifa lililoficha kila alichokiandika karani wake halizai historia, na lugha isiyoweza kusoma kumbukumbu zake hubaki kusimuliwa na wengine.

Yule mzee wa masijala amekwishatangulia mbele ya haki. Siku niliporudi baada ya miaka tisa, alikuwa amebakiza mwezi mmoja kustaafu. Alinikabidhi jalada kwa mikono miwili, akaniambia nihesabu kurasa kabla ya kusoma na baada ya kusoma. Kisha akaongeza: “Mimi sikuwahi kulisoma. Niliambiwa nilitunze.” Alilitunza vizuri, hakuna ukurasa uliopotea. Watu kama yeye ndio waliotuwekea amana hii, na deni tulilo nalo kwao ni kuisoma.